Nyuki na Nyigu: Kosa la Mkalimani

Kosa langu lilikuwa la neno moja, na nililifanya kwa kujiamini. Usiku mmoja wa mwisho wa Agosti, katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya Buffalo, muuguzi aliniuliza ni mdudu gani aliyemuuma mtoto wa miaka saba aliyelala mbele yetu, uso umevimba, vipele vimemtapakaa kuanzia kifuani hadi mapajani. Nilimgeukia mama yake. Akajibu bila kusita: "Nyigu. Manyigu wa ukutani." Nami nikamgeukia muuguzi nikasema kwa Kiingereza: "bee". Yaani nyuki. Muuguzi akaandika.

Sikuwa mkalimani wa hospitali. Nilikuwa jirani wa mbali tu, mtu ambaye mama yule alikuwa na namba yake ya simu na aliyeweza kufika kabla ya mkalimani rasmi kupatikana. Ninaishi Amherst, kitongoji kilichopo kaskazini-mashariki mwa Buffalo, jimboni New York. Siyo Amherst ya Massachusetts, mji wa mshairi Emily Dickinson, ambaye aliwatia nyuki katika mashairi yake mengi. Wageni wangu kutoka nyumbani huchanganya miji hiyo miwili, nami huwasahihisha kwa madaha ya mwalimu. Amherst yetu ni ya nyasi zilizokatwa sawasawa, maegesho makubwa na kampasi ya chuo kikuu. Wenzetu wengi wanaozungumza Kiswahili hawaishi huku. Wanaishi upande wa magharibi wa Buffalo, katika nyumba za mbao za ghorofa mbili zilizojengwa zamani: Wakongo kutoka Kivu ya Kusini, Warundi, na familia zilizokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuletwa hapa. Mama huyu ni mmoja wao. Kiswahili chake ni cha Fizi kilichokomaa Kigoma, na kimenizidi changu kwa mambo ya mwituni na shambani.

Nieleze kwa nini nilisema vile, maana sikukosa msamiati. Kiingereza kina neno la nyigu na ninalijua. Lakini nimeishi Marekani muda wa kutosha kusikia jinsi watu wanavyosema. Katika mazungumzo ya kawaida ya mtaani huku, karibu kila mdudu mwenye mbawa, mistari na mwiba huitwa nyuki. Mtoto akiumwa na nyigu kwenye bustani, mzazi atasema ameumwa na nyuki, na hakuna atakayemrekebisha. Nilitaka kusema kama wanavyosema wenyeji. Nilitaka jibu liteleze na kazi iendelee. Ufasaha wangu ndio ulioniponza: mama alisema neno sahihi, nami nikalilainisha njiani hadi likawa neno jingine.

Aibu yangu ina mizizi mirefu zaidi. Mimi ni mtu wa Tabora, na babu yangu alikuwa mrina asali. Alitundika mizinga ya magome na ya magogo katika miti ya miombo, mwendo wa siku nzima kutoka kijijini, na alirudi nguo zikinuka moshi. Nyumbani kwetu kumchanganya nyuki na nyigu halikuwa kosa la lugha. Ilikuwa dalili ya upungufu wa akili. Nyuki alikuwa karo ya shule. Nyigu alikuwa mwizi aliyevizia mlangoni pa mzinga. Babu alitufundisha kwamba mtu akiumwa, kwanza atazame ngozi. Mwiba ukiwa umebaki pale, na kifuko chake kidogo kikitetemeka, huyo ni nyuki, na usipoteze muda kutafuta kibano. Ukwangue kwa ukucha upesi, kwa sababu kifuko kinaendelea kusukuma sumu hata baada ya mwenyewe kuruka akafe. Ngozi ikiwa tupu, huyo ni nyigu, na yupo bado, anaweza kurudi. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba sayansi inakubaliana naye: mwiba wa nyuki kibarua una meno kama ya chusa, hunasa katika ngozi na kung'oka naye, ilhali wa nyigu ni laini na hutumika tena na tena. Yote hayo niliyajua nilipokuwa nimesimama kando ya kitanda cha yule mtoto.

Neno lile halikuishia hospitalini. Siku mbili baadaye mama aliniomba nimpigie simu mwenye nyumba, nami nikarudia lile lile: kuna nyuki ukutani. Mwenye nyumba alikuja mchana huohuo. Karibu na ngazi aliona maua ya manjano ya mwisho wa kiangazi yamejaa nyuki waliobeba chavua miguuni, wapole, wakishughulika na kazi yao. Alikuwa mtu mwema. Aliieleza familia kwamba nyuki wanapungua duniani, kwamba yeye hawezi kuwapulizia dawa, na kwamba baridi ikija wataondoka wenyewe. Kwa nyuki aliowaona, alisema ukweli. Mama alimwonyesha kwa kidole ufa kati ya mbao za ukuta, juu ya dirisha la chumba cha watoto, ambamo wadudu wengine kabisa walikuwa wakiingia na kutoka mmoja mmoja kama wasafiri wa stendi. Lakini mkalimani alikwisha sema nyuki, na kidole cha mama hakikuwa na nguvu ya kulishinda neno langu.

Baada ya siku kumi mtoto aliumwa tena, safari hii shingoni, naye alikuwa ndani, kitandani mwake. Nyigu wa ukutani hutafuna kuta za ndani kadiri kiota chao kinavyopanuka, na wakati mwingine hutoboa hadi chumbani. Mama alikuwa ameniambia katika simu kwamba usiku anasikia kitu kikichakarisha ndani ya ukuta, kama mtu anayekunja karatasi. Niliichukulia kuwa hofu ya mgeni katika nyumba ngeni. Pumzi ya mtoto ilianza kubana. Mama alichukua sindano ya adrenalini waliyopewa mara ya kwanza, akaikandamiza pajani, akahesabu, akapiga simu ya dharura. Maelekezo ya sindano ile ndiyo niliyoyatafsiri sawasawa usiku ule wa kwanza: pajani, hata juu ya nguo, ishikilie, kisha uite gari la wagonjwa hata kama mtoto ameonekana kupata nafuu. Mtoto alipona. Ninaandika sentensi hiyo kwa shukrani, nikijua kwamba haikutokana na umahiri wangu.

Wiki chache baadaye tulikaa mbele ya daktari bingwa wa mzio. Aliuliza swali la muuguzi, ila kwa makini zaidi, na akaeleza sababu. Sumu ya nyuki na sumu ya nyigu si kitu kimoja. Mtu anaweza kudhurika vibaya na mojawapo na kuistahimili nyingine. Kuna tiba ya kuuzoesha mwili kwa kuuchoma sumu hiyo hiyo kidogo kidogo, kwa kawaida kwa miaka 3 hadi 5, na kinga yake ni kubwa; lakini lazima iwe sumu inayomhusu mgonjwa. Faili la mtoto lilisema nyuki. Safari hii sikujibu. Nilimgeukia mama nikamuuliza: "Dada, mdudu huyo yukoje?" Akaeleza, nami nikafuata kila neno kama mwanafunzi anayeandika imla. Wa manjano yenye kung'aa na mistari myeusi. Mwili laini, hauna manyoya. Kiuno chembamba kama uzi. Huruka upesi upesi, akiyumba kushoto na kulia. Hupenda soda na nyama. Haachi mwiba. Anakaa ukutani. Daktari alitabasamu akasema kwamba wagonjwa wake waliozaliwa hapa ni nadra kumpa maelezo kama hayo. Akapima ngozi ya mtoto kwa sumu za aina zote mbili, na majibu yakawa kama alivyosema mama tangu usiku wa kwanza.

Kiangazi kilichofuata nilijipa adhabu ya kujifunza wadudu wa nyumba yangu mwenyewe. Nilinunua daftari, nikaketi barazani.

Wa kwanza kutokea, mwezi Aprili, theluji ikiwa haijaisha kivulini, alikuwa nyuki mnene mwenye manyoya meusi na ya manjano, akinguruma chini chini kama pikipiki ya mbali. Ni malkia aliyelala ardhini majira yote ya baridi na sasa anatafuta shimo la panya lililoachwa ili aanzishe ukoo. Huuma akibanwa, lakini hana ugomvi. Mwezi Mei akaja mwingine anayefanana naye, isipokuwa tumbo lake halina manyoya, linang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Huyo ni nyuki anayetoboa mbao, fundi seremala asiyetumwa na mtu. Alitoboa tundu la mviringo katika boriti ya baraza langu kana kwamba ametumia keekee. Dume lake hunijia usoni kwa vitisho, lakini lina baka jeupe katikati ya uso, na ukiliona baka hilo waweza kuendelea kunywa chai: madume hayana mwiba.

Nyuki wa asali niliyemjua tangu utotoni alikuja pia, mdogo, wa rangi ya kahawia ya dhahabu, vikapu vya chavua vimejaa katika miguu ya nyuma. Chini ya upenu palikuwa na kiota cha karatasi kilicho wazi, kama mwavuli mdogo uliogeuzwa; wenyewe ni nyigu wembamba wenye papasi za rangi ya chungwa, ambao huruka huku miguu yao mirefu ikining'inia. Juu ya mti wa jirani kulikuwa na tufe la kijivu kubwa kuliko kichwa cha mtu, la wale weusi wenye uso mweupe. Kiingereza huwaita kwa jina la mavu, lakini wataalamu wanasema kwa ukoo ni nyigu tu. Kumbe hata wenye lugha hukosea. Mavu halisi wa huku ni mmoja, mkubwa, wa kahawia nyekundu na manjano, anayevutwa na taa usiku na kugonga kioo cha dirisha kana kwamba ana barua. Na ukutani pa gereji nilimkuta mtu wa nyumbani: nyigu mfinyanzi, yule anayejenga vyumba vya udongo na kuvijaza buibui kwa ajili ya watoto wake. Wa hapa na wa Tabora ni wa jenasi moja, Sceliphron. Hana haja na mtu. Kule kwetu tulizibandua nyumba zake kwa kijiti tukiwa watoto. Hapa nimemwachia ukuta.

Wa mwisho katika daftari alikuwa yule wa manjano, adui wa hadithi hii. Nilijifunza kwamba majira yote ya kiangazi huwawinda viwavi na nzi ili kulisha majana wake, na kwamba ukorofi wake wa Agosti na Septemba una sababu: ukoo umefikia kilele cha wingi, majana wamepungua, na vibarua wasio na kazi wanatafuta utamu popote ulipo. Baridi ikikaza wote hufa, isipokuwa malkia wachanga waliokwisha pandwa. Nilijifunza pia jambo ambalo ningependa kila familia yetu ilijue: tundu la kiota kilichomo ukutani halizibwi wakiwa hai, kwa sababu watatafuta njia ya kutokea ndani ya nyumba. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni, na yule wa Buffalo alikuja hatimaye, siku moja tu baada ya mimi kumpigia mwenye nyumba na kulitaja jina sahihi.

Daftari lilipojaa niligundua jambo lisilokuwa katika mpango wangu. Karibu nusu ya wadudu wale ni wahamiaji. Nyuki wa asali si wa Marekani. Aliletwa na Wazungu, na alifika Virginia mwaka 1622. Nyigu wa papasi za chungwa ametoka Ulaya, na alianza kuonekana hapa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mavu mkubwa wa usiku naye ni wa Ulaya, akionekana jimboni New York tangu katikati ya karne ya 19. Wamekaa, wamezaa, na wengine wamepewa uraia wa mapenzi: mwenye nyumba aliyekataa kuwaua nyuki alidhani anawalinda wenyeji.

Wengine hawakubahatika hivyo. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, akitafuta mbegu ya kuvumilia joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na Rio Claro, yakachanganyika na nyuki waliokuwapo, na uzao wao ukapanda kaskazini hadi ukafika Texas mwaka 1990. Magazeti yaliwaita nyuki wauaji wa Kiafrika. Nilipolisoma jina hilo kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi wa uzamivu, nilicheka peke yangu maktabani, kisha nikaacha kucheka. Nyuki wa bara letu, waliosomesha watoto wa Tabora, walikuwa wamegeuzwa jinamizi la watu wengine. Ni wakali, sikatai. Babu hakuwaendea bila moshi. Lakini ukali wa kulinda nyumba na uuaji ni maneno mawili.

Kwa hiyo nilifuatilia kwa hamu kisa cha mavu mkubwa kuliko wote, Vespa mandarinia, aliyeonekana jimbo la Washington mwaka 2019. Watu walimwita kwa bara alikotoka na kwa neno la mauaji. Mwaka 2022 chama cha wanaentomolojia wa Marekani kilimpa jina jipya la Kiingereza lililoliondoa neno Asia, kwa kuwa neno hilo halisaidii kumtambua, mavu wote asili yao ikiwa huko, na kwa kuwa lingeweza kuchochea chuki dhidi ya watu wenye asili hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilitangazwa kwamba mdudu mwenyewe ametokomezwa nchini. Wapo waliodhihaki kubadili jina la mdudu. Mimi sikuweza kudhihaki. Nilikwisha ona neno moja likimpitia mtoto shingoni.

Nimefundisha nadharia ya tafsiri kwa miaka mingi. Nimewaambia wanafunzi kwamba mtafsiri hodari ni yule anayemfanya msomaji asahau kwamba anasoma tafsiri. Silifundishi tena bila kuongeza kisa hiki. Mama yule hakuhitaji mtu wa kuufanya usemi wake uwe mwepesi masikioni mwa wenyeji. Alihitaji mtu wa kuupeleka mzima. Sisi tuliosoma ughaibuni tunajisifu kwa kuteleza kati ya lugha mbili bila kukwama, na hatuulizi ni nani anayebaki njiani tunapoteleza. Heri ningekwama. Heri ningemwambia muuguzi: ngoja, si nyuki, ni yule mwingine, nipe dakika nikueleze.

Mwaka jana mwezi Juni walikuja kunitembelea Amherst. Mtoto amerefuka, na bado anachomwa sindano zake kwa ratiba. Alizunguka bustani mikono mgongoni kama mkaguzi, akitaja: nyuki huyu, mwalimu, nyigu yule. Kisha akasimama mbele ya yule mnene mwenye manyoya, aliyekuwa amezama katika ua hadi kiunoni, akaniuliza anaitwaje kwa Kiswahili. Nilifikiri. Nyigu, dondora, mavu, nyuki. Hakuna hata moja lililomtosha. Nikakiri kwamba sina jina lake.

"Si kitu," mama yake akasema kutoka barazani. "Mweleze alivyo."